Viluwiluwi wa Upande wa Matete

Kila Jumamosi asubuhi Katunge alianza na kazi za nyumbani. Aliteka maji kwenye mfereji wa ploti, bomba lililotumiwa na wapangaji wote, akaosha vyombo vya jana yake, akafagia mbele ya mlango, kisha akanywa chai kwa kiazi kitamu. Alipomaliza, alichukua bakuli jeupe lenye mpini mrefu, daftari na kalamu.

“Mwaitu, naenda kuhesabu,” alimwambia mama yake.

“Kuhesabu wadudu wako?” mama alicheka. “Haya, nenda. Lakini usiingie ndani ya maji.”

Katunge alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita katika shule ya msingi moja huko Witeithie. Nyuma ya mtaa wao palikuwa na shimo kubwa la mawe lililoachwa zamani na wachimbaji. Kwa miaka mingi lilikuwa kavu, na watoto walichezea mpira humo. Ndipo ikaja ile mvua ya El Nino. Ilinyesha hata watu wakasahau rangi ya jua. Ilipokoma, mwanzoni mwa mwaka wa 1998, shimo lilikuwa limegeuka bwawa. Matete yakaota upande mmoja, vyura wakahamia, na jioni mbu wakawa wengi mno. Kila nyumba ikawa na mgonjwa wa malaria.

Mwezi wa pili, wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa jirani walifika shuleni kwao. Kiongozi wao aliitwa Farhiya, msichana mrefu mwenye mtandio wa buluu, aliyekuwa mwaka wa tatu akisomea elimu ya viumbe. Alisimama mbele ya darasa akiwa na chupa ya maji. Ndani ya chupa viluwiluwi walikuwa wakijinyonganyonga.

“Hawa ni watoto wa mbu,” alisema. “Wiki ijayo wataota mabawa na kuja kuwatembelea nyumbani. Na hawa hapa,” akainua ndoo yenye samaki wadogo, “ni tilapia. Chakula wanachokipenda ni nini?”

“Viluwiluwi!” darasa zima likajibu.

“Basi tutawatia samaki bwawani tuone kama wataweza kazi hiyo. Lakini mimi siwezi kuja kila wiki. Nahitaji mtu makini wa kunihesabia.”

Mwalimu Ngendo, aliyewafundisha sayansi, hakufikiri mara mbili. Alimtaja Katunge.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila Jumamosi alipaswa kuchota maji mara tano kutoka upande wa mwamba, ambako maji yalikuwa wazi, na mara tano kutoka upande wa matete. Kila alipochota, alihesabu viluwiluwi ndani ya bakuli na kuandika idadi yao.

Wiki ya kwanza baada ya samaki kutiwa bwawani, upande wa mwamba alipata jumla ya thelathini na mmoja. Wiki ya pili, kumi na tisa. Wiki ya tatu, wanane tu. Katunge aliruka kwa furaha. Lakini upande wa matete mambo yalikuwa mengine. Huko alipata arobaini, kisha arobaini na wawili, kisha thelathini na tisa, kama vile samaki hawakuwahi kuletwa.

Farhiya alipokuja kuliangalia daftari, alitabasamu.

“Upande wa mwamba umeshuka vizuri! Huu mwingine utafuata tu, tuupe muda. Nambari zikishuka pande zote, tutapeleka samaki Ruiru. Kule pia kuna mashimo kama haya, na watu wanaumwa.”

Maneno hayo yalikaa kichwani mwa Katunge. *Utafuata tu.* Alitamani sana ufuate.

Jumamosi ya nne kulikuwa na manyunyu. Katunge alihesabu upande wa mwamba akapata watatu. Kisha akatazama njia ya kwenda kwenye matete. Ilikuwa tope tupu, tena ndefu. Wenzake walikuwa wakimngoja wacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Alisimama kitambo akitafuna kifuniko cha kalamu. Halafu akaandika kwenye nafasi ya upande wa matete: ishirini. Ilikuwa nambari nzuri. Ilishuka, lakini haikushuka kupita kiasi.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na manyunyu, ila hakwenda. Aliandika kumi na moja. Ya sita akaandika wanne. Uongo, ukishazoeleka, haukuombi tena ruhusa.

Farhiya alipoziona zile nambari, alimkumbatia. “Katunge, umetufanyia kazi kubwa! Nimekwisha kuiandika ripoti. Jumamosi hii tuna mkutano na wakazi wa Ruiru, na wewe ndiwe utakayewasomea nambari zako. Utakuja na Mwalimu Ngendo kwa basi la chuo.”

Nyumbani mama alifurahi hata akampigia pasi sare yake mpya. Majirani walimwita profesa. Katunge alicheka nao, ingawa kila alipoitwa hivyo kuna kitu kilimkwaruza moyoni.

Alhamisi, rafiki yake Muna hakuja shuleni. Muna alikuwa binti wa Bwana Ahmad, mwenye duka la vitambaa, na nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, ikitazamana na matete. Masomo yalipokwisha, Katunge alikwenda kumwona.

Alimkuta amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua kali, akitetemeka hadi kitanda kikatikisika.

“Sasa, Muna?” alimsalimu kwa sauti ndogo.

Siku zote Muna angejibu “poa” na kucheka. Leo aligeuza macho tu.

“Ni malaria,” mamake Muna alisema, akikamua kitambaa chenye maji. “Amedungwa sindano, daktari anasema atapona. Lakini mwanangu, si mlituambia samaki wenu wamewamaliza mbu? Mimi hata neti niliikunja nikaiweka kabatini. Hapa kwetu mbu hawajapungua hata mmoja.”

Katunge alihisi uso ukimwaka moto. Aliaga, akatoka. Hakwenda nyumbani. Alipita kwenye tope hadi kwenye matete, na kwa kuwa bakuli hakuwa nalo, alichota kwa kifuniko cha mkebe wake wa chakula. Maji yaliyojaa kifuniko yalikuwa hai. Yalicheza. Alijaribu kuhesabu, akafika wanane, akaacha. Machozi yalikuwa yamemziba macho.

Jioni hiyo hakuweza kula muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Baba yake, Mbaluka, alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya kujengea. Alimtazama kwa muda, akaweka sahani yake chini.

“Ni nini kinachokuzuia kula, mama?” alimwuliza. Baba alipenda kumwita hivyo.

Katunge alimweleza yote. Alipomaliza, baba alisugua vidole vyake vilivyokakamaa.

“Unajua,” alisema hatimaye, “jiwe likiwa na ufa, naweza kuujaza ufa kwa vumbi lake lenyewe. Mnunuzi hawezi kuuona. Nyumba itajengwa, na itapendeza. Lakini siku ufa ukifunguka, aliye ndani si mimi. Ni watoto wa mtu.”

“Nitafanya nini, baba? Mkutano ni kesho kutwa.”

“Kesho Farhiya anakuja shuleni kwenu. Mwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea.”

Ijumaa Farhiya alifika baada ya chakula cha mchana. Katunge alimsubiri langoni.

“Dada Farhiya, nambari za upande wa matete si za kweli. Wiki tatu sikwenda. Nilizitoa kichwani.”

Tabasamu la Farhiya lilitoweka. “Zote tatu?”

“Zote tatu.”

“Kwa nini, Katunge?”

“Nilitaka ufurahi. Tena nilikuwa mvivu.”

Farhiya aliinama akachuma jani, akalikunja na kulikunjua. “Ripoti imeshafika kwa profesa wangu,” alisema taratibu. “Leo leo itabidi nimwambie kwamba ni batili. Huenda hata nikafukuzwa.” Akalitupa lile jani. “Lakini mimi pia nina kosa. Wiki hizo tatu nilipenda nambari zako hata sikuja kuzihakiki. Halafu, nisikilize. Sikuja hapa kutafuta furaha. Nilikuja kujua kama samaki wanafaa au hawafai. Ndiyo ni jibu, na hapana ni jibu. Kisichokuwa jibu ni uongo. Twende tukaone.”

Waliandamana na Mwalimu Ngendo hadi bwawani. Farhiya alikunja suruali yake, akaingia topeni bila kujali. Walichota mara tano kwenye matete. Viluwiluwi arobaini na saba.

“Haiya!” Mwalimu Ngendo aliguta. “Basi samaki walikufa?”

“Hawakufa. Wale pale,” Katunge alisema, akionyesha maji ya wazi. Samaki waliogelea hadi ukingoni mwa matete, kisha wakageuka kana kwamba wamefika kwenye ukuta. Katunge aliwatazama kwa makini. Mbele kidogo palikuwa na mwanya, mahali ng'ombe waliposhuka kunywa maji na kuyakanyaga matete yote. Hapo samaki walipita hadi ufukoni kabisa.

“Dada, tuchote na pale kwa ng'ombe.”

Walichota mara tano. Walipata kiluwiluwi mmoja.

Farhiya alilitazama bakuli, akamtazama Katunge, akaanza kucheka polepole. “Kumbe! Matete yamesongamana, samaki hawawezi kupenya. Viluwiluwi wamejificha humo kama watu walio ndani ya boma. Tatizo si samaki. Ni matete!”

Jumamosi, ukumbi wa kanisa moja huko Ruiru ulijaa watu. Katunge alisimama mbele, daftari mikononi. Alisoma nambari za upande wa mwamba kwanza, na watu wakapiga makofi. Kisha akavuta pumzi.

“Upande wa matete, wiki ya nne, ya tano na ya sita sina nambari,” alisema. “Niliandika nambari za uongo kwa sababu sikwenda kuhesabu. Rafiki yangu anaishi huko, na sasa anaumwa. Jana tulikwenda tukapata arobaini na saba.”

Mama mmoja aliguna. Katunge alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini akaendelea, akaeleza habari ya mwanya wa ng'ombe na kiluwiluwi mmoja.

Mzee mmoja, jina lake Mburu, aliinuka nyuma kabisa.

“Ngai! Mtoto huyu ametuokoa,” alisema. “Shimo letu sisi limejaa matete kutoka huku mpaka huku. Mngetuletea samaki na zile nambari tamu, tungewamwaga wale tilapia, tukunje neti zetu, tuugue, halafu tuseme watu wa chuo kikuu ni waongo. Sasa tunajua pa kuanzia. Nani ana panga nyumbani?”

Watu walicheka, na mikono ikainuka kila upande.

Jumamosi mbili baadaye kazi ilifanyika kotekote. Huko Ruiru vijana wa mtaa na wanafunzi wa chuo walifyeka pamoja. Witeithie nako, Mbaluka na wachonga mawe wenzake walikuja na mapanga na kamba, wakayakata matete na kuyaburuta nje, na watoto wakayapanga mafungu. Mama mmoja mwenye ng'ombe aliyachukua akafurahi. Muna alikuwa amepona, ingawa alikuwa amekonda kidogo. Aliketi juu ya jiwe akitoa amri kama msimamizi, na hakuna aliyemkasirikia. Katunge alikuwa amekwenda kumwomba msamaha yeye na mama yake. Mamake Muna alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma jikoni akalete vikombe, wakanywa chai.

Profesa wa Farhiya hakumfukuza. Alimrudishia ripoti na kumwamuru aiandike upya, na safari hii Farhiya aliongeza sura nzima kuhusu matete.

Mwezi mmoja baadaye, darasa la sita lilifika bwawani na Mwalimu Ngendo. Katunge alishika bakuli, naye Muna akashika daftari, kwa kuwa sasa waliifanya kazi hiyo wawili, mmoja akihesabu na mwingine akihakiki.

“Watoto wangu,” Mwalimu Ngendo alisema, “chuo kikuu kina vitabu, kina maprofesa, kina vijana wenye moyo kama Farhiya. Malaria iko nchi nyingi, na wengi wanatafuta njia ya kuishinda. Lakini elimu yao yote inaanzia kwa mtu aliyesimama ukingoni mwa maji akisema alichokiona. Yeye akidanganya, wote waliomwamini wanapotea pamoja naye. Nambari mbaya iliyo ya kweli itawafikisha mbali kuliko nambari nzuri ya uongo. Na ukikosea, kiri mapema. Kosa lililokiriwa linaweza kurekebishwa.”

Katunge alichota mara ya tano pale palipokuwa na matete. Aliinamia bakuli, akahesabu, akahesabu tena.

“Jumla ngapi?” Muna aliuliza, kalamu tayari.

Katunge alitamani sana viluwiluwi waishe kabisa.

“Sita,” alisema. “Andika sita.”