Blanketi Lenye Harufu ya Dawa

Kila asubuhi Mama Dobi alifungua mlango wa chuma, akafagia, kisha akapangusa vioo vya mashine zake huku akizisemesha kama mtu anayeamsha watoto. Zilikuwa tatu. Mbili zilifua kwa maji. Ya tatu, kubwa ya kijivu, iliyokaa kwenye kona, haikutumia maji hata tone. Ilifua kwa dawa ya majimaji inayotoa mafuta na madoa kwenye suti na makoti, halafu ikazikausha nguo yenyewe.

Mumewe aliinunua kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akihama. Juu yake waliandika kwa rangi nyekundu: JIHUDUMIE. Mteja aliacha pesa kwenye kikopo mlangoni, akachukua kisarafu cha bati cha kuwashia mashine, akaingiza nguo mwenyewe, akafunga mlango, akatumbukiza kisarafu, basi. Mama Dobi alibaki chumba cha nyuma akipiga pasi. Aliyeingia na aliyetoka, hakuwa na habari naye.

Mwanzoni wateja walinung'unika.

"Mama Dobi, mbona suti hainukii?" aliuliza karani mmoja. "Umeifua kwa dawa au kwa maneno matamu?"

"Imekauka vizuri, baba. Ndiyo maana."

"Aa, mimi nataka nikipita watu wajue nimetoka kwa dobi."

Wengine walisema vivyo hivyo. Mama Dobi akamwendea mumewe.

"Baba, tupunguze muda wa kukausha. Harufu ibaki kidogo. Wanaipenda."

Mumewe akazungusha swichi iliyokuwa nyuma ya mashine. Badala ya dakika thelathini, nguo zikawa zinakaushwa kwa dakika kumi na mbili. Wateja wakafurahi. Ile harufu kali, yenye utamu kwa mbali, ikawa sifa ya duka. Mama Dobi mwenyewe aliamini kwamba harufu hiyo ndiyo usafi.

Kisha ukaja msimu wa baridi, na watu wakatoa mablanketi. Asubuhi moja tu, matano yalipita kwenye mashine ya kijivu. La tano lilikuwa la mama mkwe wake. Mama Dobi alilibeba likiwa bado na joto, akalipeleka nyumbani, nyuma ya duka.

"Mama, jinyooshe kidogo. Blanketi limetoka sasa hivi."

Bibi akalivuta hadi puani. "Linanukia kama hospitali. Mkinizika nalo nitafika huko nikiwa safi."

"Mama jamani! Maneno gani hayo?"

"Si nakutania, mkwe wangu. Funga dirisha, baridi inanitafuna mifupa."

Mama Dobi akafunga dirisha, akarudi kazini.

Saa tisa alasiri alimpelekea chai. Alibisha. Kimya. Aliingia, akakuta macho ya bibi yamefumbuka nusu. Alikuwa anapumua polepole, kama mtu anayesahau kisha anakumbuka.

"Mama! Mama, amka! Baba, njoo, mama haamki!"

Wakambeba mzobemzobe hadi zahanati, mtaa wa pili. Muuguzi alimfunika bibi kifaa cha hewa puani na mdomoni. Kisha akainama, akanusa kanga aliyovaa bibi.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni ya usafi, dada," alisema Mama Dobi. "Amejifunika blanketi lililofuliwa kwa dawa."

Muuguzi alimvua bibi ile kanga, akaitupa nje ya mlango. Kisha akaita kwa sauti, "Bwana Afya! Hebu fika hapa mara moja."

Bwana Afya, yaani afisa wa afya wa mtaa, alikuwa na ofisi kwenye ua uleule. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza hadithi yote bila kumkatiza Mama Dobi. Aliuliza jambo moja tu.

"Leo mablanketi mangapi yametoka kwenye mashine hiyo?"

"Matano, pamoja na la mama. Niliyaona kwenye kioo cha mashine nikipita."

"Hayo manne ni ya nani?"

Mama Dobi akatikisa kichwa.

"Sijui," akasema. "Wanajihudumia."

Bwana Afya akamvuta kando ya kitanda cha bibi.

"Sikiliza, mama," alisema Bwana Afya. "Dawa ile inapobaki kwenye nguo haikai hapohapo. Inageuka mvuke. Blanketi zito linaihifadhi ndani kabisa. Mtu akijifunika, na dirisha limefungwa, anauvuta mvuke huo bila kujua. Kwanza anasikia kizunguzungu. Halafu kichwa kinauma, usingizi unamzidi. Wengine hawaamki."

"Mume wangu abaki na mama," alisema Mama Dobi. "Mimi nifanye nini?"

"Twende tukawatafute. Huyu ana watu wa kumwangalia. Hao wanne hawana."

Nje ya zahanati, muuza mayai alikuwa amesimamisha pikipiki yake yenye kipaza sauti. Bwana Afya alimweleza kwa maneno machache.

"Pandeni," alisema muuza mayai. "Mayai yatangoja. Nani atasema?"

"Nitasema mimi," alisema Bwana Afya.

"Hapana." Mama Dobi alinyoosha mkono. "Sauti yangu wanaijua."

Alikishika kipaza sauti. Mtaa mzima ungesikia. Mtaa mzima ungejua. Akakiwasha.

"Jamani, ni mimi, Mama Dobi. Kama ulifua blanketi kwangu leo asubuhi, usijifunike. Litoe nje, lianike kwenye upepo. Fungua madirisha. Dawa haikukauka. Kosa ni langu, si lenu. Tafadhali, usijifunike."

Walipita mtaa kwa mtaa, polepole. Kwenye kona ya kwanza mwanamke alitoka mbio akiwa na blanketi begani.

"Ndiyo kwanza nilitaka kumlaza mtoto! Wewe Mama Dobi, unataka kutuua?"

"Nisamehe, dada. Litoe nje kwanza, kisha unitukane. Nitasimama hapahapa."

Mwanamke akalitupa juu ya ukuta. Hakutukana. Alimkumbatia mtoto wake tu, akamtazama Mama Dobi, na mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko tusi.

Blanketi la pili lilikuwa kwa karani, la tatu kwa fundi viatu. Lilibaki moja.

"La kahawia," alisema Mama Dobi, akijaribu kukumbuka. "Lina mstari mweupe. Lililetwa mapema sana, nikiwa bado nafagia. Na mtu mwenye buti."

"Buti?" Muuza mayai akageuka ghafla. "Si Popo huyo?"

Popo alikuwa mlinzi wa ghala. Walimpa jina hilo kwa sababu alilala watu wakiwa macho. Saa hiyo, wakati jua bado liko juu, ndiyo ilikuwa saa yake ya kulala. Asingesikia kipaza sauti chochote.

Chumba chake kilikuwa mwishoni mwa kichochoro. Dirisha limezibwa kwa boksi ili mwanga usiingie. Mlango umefungwa kwa ndani.

"Popo! Mlinzi! Fungua!"

Waligonga hadi majirani wakatoka. Bwana Afya hakungoja zaidi. Yeye na muuza mayai waliusukuma mlango kwa bega, mara moja, mara mbili, komeo likang'oka. Harufu ile ikawapiga usoni.

Mlinzi alikuwa amejifunika gubigubi. Walimburuta hadi uani, wakalitupa blanketi mbali, wakamlaza ubavu. Mama Dobi alipiga magoti akamshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Pumua, kaka. Tafadhali, pumua."

Mlinzi alikohoa. Akatapika. Akafumbua macho, akamwona Mama Dobi, akawaona na majirani wote waliomzunguka.

"Nimechelewa kazini?" akauliza.

Watu wakaangua kicheko, kile cha watu walioshikwa na hofu. Mama Dobi hakucheka. Alijifunika uso kwa kitambaa chake akalia. Mlinzi alipelekwa zahanati kwa pikipiki, akiwa ameshikiliwa katikati kama kreti ya mayai.

Kufika jioni, bibi alikuwa ameamka. Walimweka zahanati siku mbili.

Kesho yake Bwana Afya alikuja dukani na utepe wa njano wa kulifunga duka. Mume wa Mama Dobi alisimama mbele ya mashine.

"Mzee, leseni tunayo. Ile pale ukutani. Isome."

"Nimeisoma, kaka. Inasema kufua kwa maji na kupiga pasi. Mashine ya dawa ina kibali chake, na hakitolewi kabla ya ukaguzi. Mlipoinunua mliuliza ofisi yoyote?"

Mume akatazama chini. "Tulidhani mashine ni mashine."

"Wengi wanadhani hivyo. Ndiyo maana sikuja kugomba." Akazunguka nyuma ya mashine, akaigusa swichi. "Hii inatakiwa iwe ndani ya kasha, na kufuli. Muda wa kukausha anaupanga fundi aliyeidhinishwa. Mteja haugusi. Hata mwenye duka haugusi."

"Na harufu?" aliuliza Mama Dobi kwa sauti ndogo. "Wateja wanaitaka."

"Harufu ni dawa iliyobaki, mama. Nguo iliyokauka sawasawa hainukii kitu."

Akaendelea kueleza, wao wakisikiliza kama wanafunzi. Lazima kuwe na feni ya kuvuta hewa chafu na kuitoa nje. Mablanketi mazito, mito na nguo za watoto wachanga visiingizwe kabisa. Masalia ya dawa yasimwagwe mtaroni, kwa sababu yanaingia kwenye maji ya kunywa. Yawekwe kwenye pipa lenye kifuniko hadi wahusika waje kuyachukua. Na zaidi ya yote, awepo msimamizi aliyefunzwa, muda wote duka likiwa wazi.

"Lakini ni ya kujihudumia," alisema mume.

"Mteja ajihudumie, sawa. Asiachwe peke yake."

Utepe ulikaa miezi miwili. Baadhi ya wateja walihama. Mama Dobi alikwenda kwenye mafunzo kila siku kwa wiki nzima, akiwa mtu mzima kuliko wote darasani. Mumewe alitoboa ukuta akaweka feni. Fundi alikuja akarudisha dakika thelathini, akafunga kasha, akaondoka na ufunguo. Mkaguzi alikuja, akakuta pipa halina kifuniko kinachobana, akakataa kusaini. Alikuja tena. Mara hii alisaini.

Kibali kikatundikwa kando ya leseni. Chini yake Mama Dobi aliandika maelekezo kwa mkono wake, herufi kubwa, ili hata anayesoma kwa shida aelewe. Daftari la majina ya wateja likawekwa mlangoni. Na kiti chake akakitoa chumba cha nyuma, akakiweka mbele ya mashine.

Asubuhi ya kwanza baada ya kufungua tena, saa moja ilipita bila mtu. Saa mbili, vilevile. Mama Dobi alikaa akitazama mlango. Alijua watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara kwa makusudi.

Kisha akaingia Popo, ametoka zamu, buti zimejaa vumbi. Mkononi alikuwa na koti lake la kazi lenye mafuta ya ghala.

"Shikamoo, Mama Dobi."

"Marahaba, mwanangu." Alishindwa kumtazama usoni. "Umekuja kufua? Kwangu?"

"Kwa nani tena? Koti linanuka kama gereji."

Aliandika jina lake kwenye daftari. Mama Dobi alikagua mifuko ya koti, akalipima uzito, akamwacha aliweke mwenyewe. Mashine ikaanza kuzunguka. Feni ikanguruma ukutani.

"Itachukua muda mrefu kuliko zamani," alisema. "Sitaifungua kabla ya wakati wake."

"Ngoja nikae basi."

Mlinzi aliketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani. Baada ya dakika chache, usingizi ukamchukua, mdomo wazi, mikono imeanguka mapajani.

Mama Dobi aliinuka, akafungua dirisha likawa wazi kabisa. Kisha akarudi kitini, akakaa macho, akihesabu pumzi za mlinzi hadi mashine iliposimama.