Zamu ya Kiti cha Nyuma

Tuk.

Sauti moja tu, kavu, kama ukucha uliogonga kichwa cha kipaza sauti. Ilitoka kwenye spika zote nne za ukumbi, ikazunguka kuta, ikanyamaza.

Kengele alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa, akibandika waya mpya sakafuni kwa utepe wa gundi ili mtu asije akajikwaa. Alikuja mapema, jua likizama, kwa kazi hiyo tu. Aliinua kichwa. Jukwaani hapakuwa na mtu. Kipaza sauti kilisimama kwenye stendi yake, na swichi yake... aliitazama mara mbili... ilikuwa imezimwa.

"Fundi? Ni wewe?"

Fundi mitambo alikuwa bado hajafika.

Alimjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo. Kugonga mara moja, kwa ukucha wa kidole kidogo, kabla ya kuanza kuimba. Mdogo wake. Na mdogo wake alikuwa kaburini, huu mwaka wa saba.

"Waya mbovu," alijiambia, akaendelea kubandika.

Mji ule ukishaingia giza hauishiwi mambo. Hotelini wageni hupewa karatasi yenye orodha: sinema ya wazi juu ya paa, uwanja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, soko la maua linalofunguliwa jioni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ukumbi wa chini ya ardhi ambako yeyote anaweza kuimba. Unashuka ngazi kumi na tisa, unakuta meza kumi na moja na jukwaa dogo kama kitanda cha watu wawili. Mshereheshaji ni Kengele. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya sauti yake, iliyokuwa nyororo na safi, ikipenya kelele za glasi bila kupandishwa. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Anayetaka kuimba anaandika jina lake kwenye kikaratasi, anakitia katika bakuli la bati. Kengele anachovya mkono bila kutazama, anatoa kimoja, anasoma papo hapo kwa sauti. Hasomi kwanza kimoyomoyo. Jicho linaona, mdomo unasema, hiyo ndiyo raha yenyewe. Anaita mara tatu. Asiyetokea, kikaratasi chake kinachanwa na zamu imempita.

Alipomaliza waya, alilifuata bakuli alifute vumbi.

Ndani kulikuwa na kikaratasi.

Kilikuwa kimoja, kimekunjwa mara nne. Kilikuwa cha baridi, chenye unyevu. Alikikunjua, na kwa mazoea mdomo ukaanza kufunguka... akauziba kwa kiganja.

Hati ile! Herufi zilizolalia kushoto, kama watu waliochoka wanaoegemea ukuta. Na jina lile. Nyumbani kwao lilikuwa halijatajwa tangu siku ya mazishi. Mama aliteremsha picha ukutani, akaliteremsha na jina. Ikibidi kabisa, walisema "yule". Yule alipenda dirisha lile. Kiti kile alikuwa anakaa yule. Kengele aliwahi kuuliza kwa nini, mara moja tu. Mama alimtazama kwa jicho ambalo hakutaka kuliona tena.

Kikaratasi kilinuka udongo mbichi. Udongo... na karafuu maiti.

Alikitumbukiza mfukoni. Alipokohoa kusafisha koo, sauti iliyotoka ilikuwa kama imepitishwa kwenye mchanga.

*

Saa mbili watu walikuwa wamejaa. Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa ameshaweka viwiko mezani, kama kawaida yake.

"Kinyozi, leo unaimba au unatunyoa?" Fundi alimpigia kelele kutoka nyuma ya mitambo yake.

"Wewe nyamaza. Kichwa chako mwenyewe kinaniita."

Watu wakacheka. Kengele naye alicheka, kicheko kikamkwaruza.

"Dada, una mafua?" Fundi alimuuliza, akimsogezea kikombe cha maji ya moto. "Au umekesha na mtu?"

"Fanya kazi yako."

Alichovya mkono, akamwita muuza viatu. Alichovya tena, akawaita wanandoa wawili wageni, wakaimba wameshikana mikono kama wanaovuka barabara. Kinyozi akaimba wimbo wake uleule, akaupoteza palepale anapoupoteza kila siku. Ukumbi ulichemka. Kengele akaanza kuamini kwamba usiku ni usiku tu.

Akachovya tena.

Vidole vilijua kabla ya macho. Baridi. Unyevu. Mikunjo minne.

Watu walimtazama, wakingoja. Aliona hati ile, akang'ata ulimi mpaka akasikia ladha ya damu.

"Hiki... kimelowa," alisema. "Hakisomeki. Mwenyewe aandike kingine."

Sauti yake ilikatika katikati, kama redio inayotafuta stesheni. Meza ya mbele wakatazamana. Fundi aliweka muziki wa kupumzisha, akamjia mbiombio, akainama sikioni kwake.

"Dada... utamwita lini yule dada wa nyuma?"

"Dada gani?"

"Aliye peke yake. Amekaa tangu sijawasha taa. Nilimuuliza jina nimwandikie, akasema utamwita wewe." Fundi alisita. "Tena mnafanana, ujue. Nilidhani ni ndugu yako."

Kengele hakutaka kugeuka.

Aligeuka.

Kiti cha nyuma, penye kona ambayo taa iliungua wiki iliyopita na hakuna aliyeibadilisha. Mtu alikuwa amekaa, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Uso ulikuwa gizani. Vidole tu ndivyo vilivyoonekana, na kimoja kati yake, kile kidogo, kilikuwa kinagonga goti taratibu. Moja... mbili... moja... mbili. Hivyo ndivyo Kengele alivyomfundisha mdogo wake kushika mapigo, walipokuwa wadogo, wakilala kitanda kimoja, wakisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta.

Alitaka kukimbia. Alitaka pia, Mungu amsamehe, kwenda kumkumbatia.

Akaenda. Hatua kwa hatua, katikati ya meza, mpaka harufu ile ikamfika kooni.

"Zamu yangu lini?" mtu yule alinong'ona bila kuinua kichwa. Ilikuwa sauti nyororo, safi, isiyohitaji kupandishwa.

Ilikuwa sauti ya Kengele mwenyewe.

*

Alijifungia kwenye chumba cha kuhifadhia viti, akampigia mama yake.

"Mama." Ilimbidi alisukume neno kwa nguvu zote. "Yule amekuja."

Upande wa pili, kijiko kilianguka kwenye sakafu ya saruji.

"Umemwita?"

"Hapana."

"Usimwite! Mwanangu, nakuomba. Toka hapo, njoo nyumbani."

"Sauti inaniishia, Mama. Kila nikikataa kumwita, inapungua. Sema unachokijua."

Mama alianza kulia, kilio kidogo cha mtu aliyekizuia siku nyingi.

"Unakumbuka ulivyoumwa? Koo lilivimba, siku tisa huli, husemi. Hospitali wakaniambia nikurudishe nyumbani, na najua maana ya kurudishwa nyumbani. Nikaelekezwa kwa mama mmoja, fundi cherehani, chumba cha nyuma ya duka lake. Hakutaka kitu chochote. Alitaka jina."

"Jina gani?"

"Aliniambia, unao wawili. Nitajie mmoja."

Ng'ambo ya ukuta, muziki wa kupumzisha ulikuwa unafikia mwisho.

"Nikataja," mama alisema. "Asubuhi wewe uliamka unaimba. Yeye hakuamka."

Kengele aliketi juu ya rundo la viti. Alikumbuka asubuhi ile. Alikumbuka jinsi alivyofurahi kusikia sauti yake mwenyewe, nusu saa nzima, kabla hajaenda kumwamsha mdogo wake.

"Yule mama alinionya," mama aliendelea kwa haraka sasa. "Alisema hajafa kabisa. Amekalishwa mahali, anangoja. Siku akirudi ataomba aitwe. Asipoitwa, atachukua kilichonunuliwa kwa uhai wake. Atachukua sauti, na baada ya sauti pumzi. Akiitwa atatoka, lakini anayemwita ndiye atakayekaa alipokuwa amekaa. Ndiyo maana nilikukataza. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda," Kengele alisema.

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho kutoka kooni mwake. Baada ya hapo alifungua mdomo, ikatoka hewa tupu.

*

Alirudi jukwaani, simu mkononi, mama yake bado yuko hewani. Hakujua kwa nini alirudi. Labda ni miguu, mazoea ya miaka. Ukumbi ulikuwa umetulia ajabu. Kinyozi alikuwa ameshika glasi karibu na mdomo, hanywi. Wanandoa wale wageni walikuwa wameachana mikono.

Bakuli la bati lilikuwa limejaa pomoni, na vikaratasi vyote vilikuwa vimekunjwa mara nne.

Hakuchovya. Kimoja kilidondoka chenyewe, kikajikunjua miguuni pake, herufi zimelalia kushoto.

Kisha muziki ukaanza. Wimbo wa zamani, wa taratibu, ambao yule aliupenda. Fundi aliinua mikono yote miwili juu, macho yamemtoka. Hakuwa amegusa kitu.

Kiti cha nyuma kiliburuzwa... krrr... kikasimama.

Hatua. Miguu mitupu juu ya sakafu, moja... mbili... moja... mbili... Watu walijibana pembeni bila kuambiwa, ingawa wengine baadaye waliapa kwamba hawakuona mtu, ila ubaridi uliowapitia magotini. Akaja mpaka ukingoni mwa taa, akasimama hapo. Udongo ulimjaa vidoleni. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyepanga foleni muda mrefu mno na sasa anaona dirisha linataka kufungwa.

Kengele alifungua mdomo kumwita. Alitaka kumwita! Akae yeye huko, yatosha, miaka saba ameishi kwa sauti isiyo yake. Alisukuma jina kwa tumbo, kwa mbavu, kwa machozi. Halikutoka. Na sasa pumzi nayo ilikuwa inakuja nusunusu, kama maji ya bomba mwishoni mwa mgao.

"Kengele?" Simu ilikuwa inasema. "Nasikia wimbo. Ni wimbo wake huo." Mama akapandisha sauti. "Kengele, jibu... Mbona nasikia unakoroma? Mwanangu!"

Alianguka kwa magoti.

"Sikiliza," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imetulia ghafla, sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mlango na kuweka ufunguo mezani. "Nilichagua mara moja, nikachagua vibaya, na hakukuwa na kuchagua vizuri. Sasa nachagua tena. Niweke kwenye kipaza sauti."

Kidole cha Kengele kilikuwa juu ya kitufe chekundu cha kukata simu. Kubonyeza mara moja tu, na mama angebaki salama jikoni kwake, na kijiko chake sakafuni. Mbele yake mdogo wake alikuwa amenyoosha shingo, anasikiliza. Kifua cha Kengele kiliwaka. Taa zikaanza kuwa ndogo.

Hakubonyeza.

Mkono uliinuka na simu, ukaenda juu, ukaigusisha kwenye kipaza sauti. Mpaka leo Kengele hathubutu kuapa kwamba mkono ule ulikuwa wake.

Spika zote nne zikavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mwanamke mzee, peke yake nyumbani, taa moja inawaka.

"Zuhura," mama akaita. "Zuhura mwanangu... Zuhura."