Mchezaji wa Pili

Siku mashine ile ilipowashwa kwa mara ya kwanza, waliokuwepo sebuleni ni hawa: fundi wa redio na televisheni, ambaye ndiye mwenye nyumba, mke wake mshonaji, aliyekuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, mama mzazi wa fundi, ambaye wote walimwita Bibi, binti yao wa darasa la pili, Kijino, aliyepewa jina hilo tangu meno yake ya mbele yang'oke, na kaka wa mshonaji, Mjomba Kelele, muuza vyuma chakavu, ambaye ndiye aliyeileta mashine. Hao tu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Baadaye mshonaji aliwahesabu tena na tena kichwani, na kila mara walikuwa hao hao.

Ilikuwa mashine ya michezo ya zamani, ya kuchomeka kwenye televisheni. Mjomba Kelele aliikuta katika nyumba ambayo wapangaji wake walihama wakaacha hata sahani mezani. Fundi aliisafisha, akaunga nyaya, ikakubali. Pedi za kuchezea zilikuwa mbili, lakini panya walikuwa wameutafuna waya wa ile ya pili, naye akaukata kabisa na kuiacha pedi juu ya meza kama kipande cha sabuni.

Mchezo wenyewe ulikuwa kichekesho. Unarusha birika lenye mabawa, linakwenda upande mmoja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, huku ukiwatemea maadui chai ya moto. Na maadui gani! Kandambili zinazoruka, majogoo waliovaa miwani, meno ya bandia yanayokuja yakitafuna hewa. Mwisho wa njia kinakungoja kichwa kikubwa cha mzee aliyelala, na kila kikikoroma kinatoa soksi puani.

"Huyo ni marehemu babu yenu kabisa!" Bibi alipiga makofi. "Mmwagie, mjukuu wangu! Alininyima usingizi tangu nilipoolewa."

"Mama, muache baba apumzike," fundi alisema huku akicheka.

"Apumzike mara ngapi? Hata akiwa hai alikuwa anapumzika tu!"

Walicheka mpaka Mjomba Kelele akapaliwa. Mshonaji alikuwa akifuta machozi ya kicheko alipoona birika la pili, la buluu, likiingia kwenye kioo na kuruka sambamba na lile jekundu la Kijino.

"La buluu anacheza nani?" aliuliza.

Waliitazama pedi mezani. Haikuwa na waya.

"Ni mashine yenyewe," fundi alisema. "Michezo mingine inakuletea mwenza."

Jibu lilitosha. Lakini mshonaji alisikia harufu ya birika lililokaukiwa maji motoni, akainuka kwenda jikoni. Jiko lilikuwa baridi.

Katika mchezo ule, uhai wa kila mchezaji ulionyeshwa kwa vikombe vidogo juu ya kioo. Ukipigwa, kikombe kinavunjika. Vikiisha vyote, mkono mwembamba unajitokeza kwenye mdomo wa birika lako na kumwomba mwenzako, naye akikubali anabonyeza kitufe, na kikombe chake kimoja kinahamia kwako. Birika la buluu lilicheza vizuri ajabu. Lilimkinga Kijino kwa kila jogoo na kila kandambili, kwa hiyo liliishiwa mapema.

"Mama, mwenzangu ameishiwa," Kijino alisema. "Anaomba. Nimpe?"

Mshonaji alikuwa na pini mdomoni na pindo la gauni la mteja mkononi. Nyumba yake haikuwa na mali nyingi, ila ilikuwa na desturi moja aliyojivunia: mkate ulimegwa kabla haujaonjwa, na Kijino hakuwahi kula pipi nzima tangu azaliwe. Jirani akimsifu mtoto kwa hilo, mama mtu alishinda na furaha.

"Mpe, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Usiwe mchoyo."

Kikombe kilihama.

Likizo ikaendelea hivyo. Kijino alicheza kila alasiri, na kila alasiri alitoa. Mshonaji aliona kwanza kwamba mtoto ameacha kupuliza chai, anainywa ikichemka na wala hashtuki. Kisha akaona hacheki. Kile kichwa cha mzee kilikoroma soksi zake, Bibi akatoa utani wake, na mtoto akatazama tu. Mikono yake ikawa baridi kama mtungi.

Siku moja mama mtu alimsimamisha ampime sare mpya ya shule. Alizungusha futi kifuani, akasoma, akadhani ameshika vibaya. Akapima tena. Akatoa sare ya mwaka uliopita, ile aliyotarajia ingekuwa imembana, akamvika, ikamning'inia. Mabega yamepungua. Mikono imepungua. Hata urefu umepungua, na mtoto hupungua uzito akiugua, lakini hapungui mfupa. Mshonaji alikaa chini palepale, futi shingoni.

"Kijino, unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Nimechoka tu kugawa."

Fundi alitaka kumkimbiza hospitali, na wakaenda. Daktari, kijana mpole aliyempa Kijino kiti chake mwenyewe, alipima damu, akapima kila kitu, hakuona ugonjwa. Waliporudi, fundi aliichomoa mashine, akaifungia kabatini kwenye karakana yake. Alasiri hiyo televisheni ilikuwa imezimwa, nyumba imetulia, na mshonaji akasikia sebuleni vitufe vikibonyezwa, tik, tik, tik, akaenda polepole akiwa ameshika ukuta, akamkuta mwanawe amelala kwenye mkeka, macho ameyafumba, kidole gumba kikicheza hewani, na pale mezani, pembeni yake, ile pedi isiyo na waya vitufe vyake vikishuka na kupanda, vikishuka na kupanda, na harufu ya birika lililoungua ikiwa nzito kiasi kwamba aliionja ulimini, na mtoto usingizini akisema kwa sauti ya adabu, kama anavyofundishwa kumwambia mgeni, "Chukua. Chukua tu. Mimi kimenitosha kimoja."

Mshonaji aliinama. Alimbeba. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Bibi alimleta mkunga, mwanamke mtu mzima aliyemzalisha mshonaji Kijino na ambaye pia watu walimwita yanapotokea mambo yasiyo na daktari. Alinusa sebule, akaitazama pedi bila kuigusa.

"Jini hili halijaiba," alisema kwa sauti ya chini. "Limeomba, likapewa. Nikilifukuza litaondoka na lilichopewa. Mwenye mali ndiye alinyime, kwa kinywa chake. Likinyimwa, linarudisha, linatoka."

"Mtoto huyu?" Bibi alinong'ona. "Huyu hajui kunyima hata kuku."

"Basi afundishwe leo. Vikombe vyake vimebaki vingapi?"

Kilikuwa kimoja, kama alivyosema mwenyewe usingizini.

Mshonaji alimkalisha mwanawe mapajani, akamega mkate, akampa kipande. Kisha akanyoosha mkono.

"Naomba, mwanangu."

Kijino akampa.

"Hapana. Sema, sikupi."

"Lakini wewe ni mama."

"Hata mimi. Sema."

Mtoto alitazama mkate, kisha akamtazama mama. Mshonaji aliomba tena, na tena, akijifanya mwenye njaa, akijifanya analia, kisha akilia kweli, maana kila neno lilikuwa likibomoa kazi yake mwenyewe. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa la jirani Kijino aliposema, kwa sauti ndogo sana, "Sikupi." Na mama mtu akambusu kichwani, akamwambia, "Vizuri. Vizuri sana, mchoyo wangu."

Mashine ikawashwa. Mkunga aliwataka wote waliokuwepo siku ya kwanza wakae palepale, kila mmoja, isipokuwa Kijino, ashikilie kitambaa mdomoni, asitoe neno. Hata Mjomba Kelele alinyamaza. Mabirika mawili yaliingia kwenye kioo. Hapakuwa na kandambili wala majogoo. La buluu lilisimama tu, na mkono ukajitokeza, mrefu kuliko siku zote.

"Kijino," ilisema sauti ya Mjomba Kelele, nayo haikutoka kwa mjomba, "nipe, nikuletee baiskeli."

"Sikupi."

"Mjukuu wangu," ilisema sauti ya Bibi, "nimezeeka, niongezee siku mbili."

Mtoto alimgeukia Bibi. Bibi alitikisa kichwa, kitambaa mdomoni, machozi yakimtiririka.

"Sikupi."

Kisha ikaja sauti ya mshonaji mwenyewe, ile ile ya kumbembeleza mtoto alale, ikasema, "Mwanangu, mama anaona giza, mama anasikia baridi huku ndani, fungua tu, nipe hicho kimoja, mimi ndiye niliyekupa vyote," na mshonaji, aliyekuwa hawezi kusema lolote wala kumshika mkono, alichoweza ni kumtazama mwanawe machoni na kuushindilia ule mdomo wake ulionyamaza kwa viganja vyote viwili, mpaka meno yakamkata midomo kwa ndani, huku sauti yake ikiendelea kulia ndani ya televisheni na vitufe vya ile pedi vikirukaruka mezani kama mahindi kwenye sufuria.

Kijino alimtazama mama wa sebuleni. Akakitazama kioo.

"Wewe una njaa," aliuambia ule mkono, "lakini sikupi."

Birika la buluu liligeuka. Katika mchezo ule hakuna kilichowahi kurudi kushoto, lakini lenyewe lilirudi, likapita walikotoka, na vikombe vikaanza kudondoka juu ya kioo kimoja kimoja, upande wa Kijino. Mlango wa sebule ulifunguka kwa kishindo na harufu ikatoka nje. Mtoto akapiga chafya, akasema chai ya Bibi ni ya moto mno.

Mjomba Kelele aliiponda mashine kwa nyundo siku hiyo hiyo.

Muhula ulipoanza, Kijino alirudi shule. Mwalimu wake alilalamika kwamba hampi mwenzake hata kifutio, na mama yake hakumkemea.