Ungo wa Bangili

Sakafu ya ukumbi wa jiji la Lubanzi ilikuwa ikipumua rangi. Ndivyo watu walivyosema, na hawakukosea sana. Ilikuwa ramani, pana kama uwanja wa netiboli, na waliiita ramani-hai kwa sababu hakuna mtu aliyeichora. Kila mkazi alivaa bangili ya mji. Ndiyo kitambulisho, ndiyo simu, ndiyo ufunguo wa nyumba. Na kila bangili iliiambia ramani mwenyewe yuko wapi. Penye watu wanaolala palikuwa njano, makazi. Penye kuuza na kununua, nyekundu. Penye uwazi wa watu kukusanyika na kupumua, kijani. Mtaa ukibadili tabia, rangi nayo ilihama taratibu, kama chai inayomiminiwa maziwa.

Jumatatu hiyo asubuhi Mhandisi Ezekia Ndimbo alisimama katikati ya jiji lake, soksi tupu miguuni, maana viatu vilikatazwa. Karibu na kidole gumba chake, kipande kidogo cha kijani kilikuwa kinageuka zambarau. Zambarau ni uchukuzi.

"Kiwanja namba themanini na nane, Mtaa wa Mabanzi," ramani ikasema kwa ile sauti yake ya mwalimu wa chekechea. "Eneo la wazi. Matumizi kwa miaka tisa: hakuna. Ninapendekeza kituo cha videge-mzigo. Notisi ya siku thelathini inaisha Alhamisi. Pingamizi limepokelewa, moja."

Kisheria, ramani ilipendekeza tu. Notisi ilibandikwa mtaani, mwenye neno akaliandika, halafu Kamati ya Mipango Miji ikaketi na madiwani wakapiga kura. Hayo ndiyo maandishi. Kwa vitendo, tangu ramani-hai ianze hakuna diwani aliyewahi kuikatalia. Utabishana vipi na sakafu inayojua ulikolala jana?

Ezekia akalisoma pingamizi. Lilikuwa sentensi moja: *Hapo ndipo tunapolia.* Chini yake, Siwatu binti Mfaume, jirani.

Akakaa chini palepale, juu ya soko kuu. Alikuwa ameishi Mabanzi miaka ishirini na miwili, mpaka mkewe Tabitha alipofariki. Baada ya hapo alihamia ghorofa la watumishi na hakurudi tena hata kusalimia.

*

Bi Siwatu alikuwa mtunza vyombo wa mtaa: masufuria makubwa, mikeka, na turubai la kijani lililoshonwa viraka. Ezekia alimkuta anasugua sufuria kwa mchanga nje ya mlango wake.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Makubwa! Marahaba, shemeji. Umepotea mpaka nikadhani umeoa." Akamtazama miguuni. "Na viatu umevaa. Nasikia huko kazini mnatukanyaga kwa soksi."

Ezekia akacheka kidogo, akavuta kigoda. "Nimekuja kwa ajili ya kiwanja. Ramani inasema hapajawahi kukanyaga mtu."

"Na Tabitha tulimlilia wapi? Hewani?"

Ezekia akaitazama bangili mkononi mwake.

"Unajua sababu ya ramani kutotuona," Bi Siwatu akasema, sasa kwa upole. "Au ghorofani kunasahaulisha?"

Aliijua. Miaka ya nyuma, kwenye msiba wa mtoto mmoja, bangili zote zililia kwa pamoja wakati jeneza linainuliwa. Zilikuwa zinatangaza kwamba nyanya zimeshuka bei. Mama wa mtoto alicheka, kicheko kilichomtoka bila yeye kukitaka, na hakusamehe mtu, hata nafsi yake. Tangu siku hiyo, Mabanzi wakifiwa, kila anayekuja huvua bangili mlangoni kwa Bi Siwatu na kuiweka kwenye ungo. Humo hukaa siku tatu, mpaka matanga yaanuliwe. Hapo ndipo kila mtu huja kuchukua yake, ananawa mikono, anarudi duniani.

"Msiba ujao msivue," Ezekia akasema. "Mmoja tu, nipate hesabu."

"Tumwombe nani afe, shemeji? Tena kabla ya Alhamisi?"

Kicheko kikamtoka Ezekia, akaona aibu.

"Cheka tu. Lakini nikuambie. Atakayekuja na bangili amekuja kuhesabiwa. Asiye nayo amekuja kulia. Nikiruhusu wale, hawa sitawaona tena." Akainamisha sufuria, maji yakatiririka. "Wenzetu wa mtaa wa pili walinyang'anywa uwanja wao. Sasa wanakodi ukumbi, saa mbili mbili. Ukiwa katikati ya kilio, kengele inalia, wenye harusi wako mlangoni. Na jeneza lilipanda lifti limesimamishwa wima. Wima, shemeji, kama kabati."

Ezekia aliposimama kuaga, macho yake yakaangukia chumbani, kwenye ungo uliotundikwa ukutani.

"Huo huo bado?"

"Huo huo, ila siku hizi hautoshi. Kwa Tabitha zilijaa nyungo mbili na karai."

Ezekia akabaki ameshika mlango. Nyungo mbili na karai. Bangili haizimiki; hata ikivuliwa inaendelea kusema ilipo. Basi watu wote wale ramani iliwaona wapi?

*

"Nionyeshe Mabanzi kabla ya kusafishwa," aliiambia sakafu.

"Takwimu zilizofutwa si sehemu ya ramani."

"Zimetunzwa?"

"Zimetunzwa. Vivimbe sitini na kimoja. Vilifutwa kwa Kanuni ya Vivimbe, iliyoandikwa na Ezekia Ndimbo."

Aliikumbuka kanuni hiyo. Ilikuwa rahisi kabisa: watu wengi kupita kiasi wakionekana mahali padogo kupita kiasi, bila kutikisika, hao si watu, ni hitilafu. Ondoa. Siku alipoiandika, ramani ilikuwa inakabidhiwa kwa jiji, na mabosi walikuwa wanapiga kelele kwamba imejaa vivimbe. Alivifuta vyote kwa mkupuo mmoja. Hakufungua hata kimoja kutazama ndani.

"Fungua cha mwisho kabla ya kanuni."

Nukta nyeupe ikawaka kwenye chumba cha Bi Siwatu. "Watu mia nne na kumi na wawili," ramani ikasema. "Mita tatu kwa tatu. Siku tatu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mmoja aliondoka. Wakabaki mia nne na kumi na mmoja."

Hakuhitaji kuuliza huyo mmoja ni nani. Siku ya pili ya matanga ya mkewe walimtumia mtu kutoka kazini. Kuna dharura, wakasema, saa moja tu. Alikwenda kwa Bi Siwatu, akaitoa bangili yake chini ya za wenzake, akaenda ofisini. Ile saa moja ikawa siku mbili. Na kazi aliyoitiwa ilikuwa hii. Watu mia nne na kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye udongo wakimlilia Tabitha wake, naye alikuwa hapa, kwa soksi, anawafuta.

Akalala kifudifudi kwenye sakafu ile, shavu juu ya Mabanzi. Ramani ikauliza kama anahitaji daktari.

*

Alhamisi madiwani kumi na wawili waliketi kuizunguka ramani, mwenyekiti wao, Mheshimiwa Kilasara, akiwa na rungu lake la mbao. Ezekia akawasha vivimbe. Nukta nyeupe sitini na moja zikatoka kwenye chumba cha ungo, zikatawanyika sakafuni moja moja, kila moja na tarehe yake.

"Mhandisi, hizi si hitilafu?" Mheshimiwa Kilasara akauliza.

"Niliziita hivyo, Mheshimiwa. Aliyezifuta ni mimi. Ni misiba."

Bi Siwatu, aliyeitwa kutetea pingamizi lake, alikuwa amekwisha kuvua kandambili. Alitembea juu ya jiji kwa tahadhari, kama mtu anayepita kati ya watu waliolala, akainama kwenye nukta ya kwanza. Tarehe akasomewa. "Huyu Kihwelo fundi baiskeli. Mvua ilinyesha, tukalishika turubai kwa mikono mpaka alfajiri." Akasogea. "Hawa pacha wa Mwanaidi." Akasogea. "Huyu hatukumjua jina. Aliangukia njiani kwetu, tukamlilia, ndugu zake wakaja mwezi uliofuata." Alipofika kwenye ile ya mia nne na kumi na wawili alisema tu, "Tabitha. Mdogo wangu," akapita. Kuhusu yule mmoja aliyeondoka hakusema neno.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi jambo limepata dawa. Ramani ifundishwe. Kila ikiona kivimbe, iandike msiba. Eneo litakuwa na matumizi na sisi tutakuwa na hesabu."

"Mheshimiwa," Bi Siwatu akasema, "mkianza kuutazama ungo, na sisi tutaanza kuutazama. Watu wataleta bangili za majirani ili zijae. Mtu atalia jicho moja, jingine liko kwenye ungo."

Wakamgeukia Ezekia. Angeweza kuifundisha, ilikuwa kazi ya adhuhuri moja. Akatikisa kichwa.

"Pawe peupe," akasema. "Ramani isipasome kabisa, si pale wala chumba cha ungo. Siku jiji likipataka, liende likawaulize wenyewe kwa mdomo. Mimi niliipa ramani kanuni kwamba kisichohesabika hakipo. Nilikosea, waheshimiwa, na nimewakosea watu ninaowajua kwa majina."

Mjadala ulichukua saa mbili, wengine wakilalamika kwamba kila mtaa utataka weupe wake. Kura zikapigwa: saba kwa tano. Zambarau ikarudi nyuma kutoka kwenye kiwanja namba themanini na nane, na hata kijani kikaondoka. Pakabaki peupe, kama pengo la jino la mtoto.

Jioni Ezekia akabisha hodi Mabanzi. Kiwanjani hapakuwa na turubai wala mtu, kuku wawili tu wanaparua. Akavua bangili, akamnyooshea Bi Siwatu.

Bi Siwatu akaitazama, akamtazama na yeye. "Nani amefariki?"

"Ni msiba wangu ule, shemeji. Sikuumaliza."

Bi Siwatu hakushangaa. Akautungua ungo ukutani, akaiweka bangili katikati yake, peke yake, akachukua mkeka kwapani. "Mimi sihesabu watu," akasema wakitoka. "Lakini aliyeondoka kabla ya matanga kuanuliwa, huyo namkumbuka. Unadaiwa siku mbili. Kaa."

Wakakaa kiwanjani. Baada ya kitambo, kule chumbani bangili ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Bi Siwatu akainuka, akaenda kuufunika ungo kwa sufuria, akarudi kukaa karibu naye. Ezekia alikuwa ameanza kulia.