Herufi Mbili Juu ya Pipa

Siku ya stima, nyumbani kwetu hakuna aliyesubiri kuamshwa. Mimi na mdogo wangu Teunis tulikunywa uji wa mahindi tukiwa wima, tukifunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Baba alikuwa kitandani, mguu umefungwa vibao tangu alipoanguka ngazini akichuma matufaha. Kwa hiyo mavuno ya mwaka ule wa 1840 yalituangukia sisi watatu, Mama, Teunis na mimi: mapipa arobaini, yote ya kwenda New York.

"Yasiposafiri leo yataozea ghalani," Mama alisema. "Na mto ukiganda tutakula nini? Hewa? Halafu mnamjua Kapteni Bogardus. Mwaka jana kuna mtu alipanga mazuri juu, mabovu chini. Kapteni alifungua pipa moja tu, akanusa, akauacha mzigo wote gatini. Mpaka leo hamchukulii hata kikapu."

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kipande cha chaki mfukoni, basi nilijiona waziri! Pipa likijazwa, nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa, nikatoa lililobonyea. Ndipo nilipofunika na kuandika juu ya kifuniko: O.K.

Herufi hizo nilizichagua mwenyewe. Mwaka ule Kinderhook nzima ilishikwa na wazimu wa O.K. Rais wa nchi alikuwa mtu wa mji wetu na alikuwa akigombea tena. Wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, yaani Mzee wa Kinderhook. Zile herufi mbili za mwanzo zikawa jina la klabu zao, zikaandikwa kwenye bendera, kwenye kofia, mpaka kwenye milango ya mazizi.

Lakini mjomba wangu Hendrick, mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa kule Boston, alitucheka katika barua yake. Alisema herufi hizo zilianzia kwao mwaka mmoja kabla, tena kwa mzaha. Waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wa kukosea maneno makusudi. Wakitaka kusema "yote sawa" waliandika "oll korrect" badala ya "all correct", kisha wakalifupisha. Yote sawa, na maneno yenyewe yamekosewa! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikasema hiyo ndiyo alama ya mapipa yetu.

Lodewyk, kijana wa jirani ambaye kwao walimuunga mkono mpinzani wa Rais, alikuwa na maelezo yake.

"Alida, unajua maana yake kweli? Ovyo Kabisa!"

"Toka hapa! Wivu tu huo!"

"Subiri kura zihesabiwe, utaniambia."

Basi asubuhi ile nilikuwa nimeshakagua mapipa thelathini na mawili niliposikia ngoma. Klabu ya O.K. ilikuwa inapita njia panda! Tarumbeta zikalia, farasi wakafuata, na moyo wangu ukatangulia mbele yao wote. Mama alikuwa ndani akimfunga Baba mguu upya. Mlangoni mwa ghala palikuwa na mapipa manane, vifuniko vimelazwa juu.

Nikajiambia, Teunis ameyajaza, na Teunis hakosei. Chaki ikaruka. O.K., O.K., O.K., mara nane, bila kuinua hata kifuniko kimoja. Nikatimua mbio.

Yalikuwa maandamano ya kuona kwa macho! Bendera moja ilikuwa na herufi ndefu kuliko mimi. Watu walipiga kelele "O.K.! O.K.!", na Lodewyk, aliyekuwa amepanda juu ya uzio, alijibu "Ovyo Kabisa!" mpaka mzee mmoja akamtishia kwa bakora. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Gari la farasi halikuwepo. Mama na Teunis walikuwa wamepigilia vifuniko misumari, wakapakia na kuondoka. Lakini ndani ya ghala, kwenye kona ya nyuma, yalibaki mapipa matatu yaliyojaa, hayana alama. Nikazamisha mkono. Matufaha magumu, mazuri, ya kwanza kwa ubora.

Kama haya yamebaki, yale ya kukamuliwa juisi yako wapi? Yale yenye matufaha yaliyookotwa chini, yenye michubuko? Ndipo nikakumbuka: Teunis alikuwa ameyasogeza mlangoni asubuhi, yawe karibu na mashine ya kukamulia. Nilikuwa nimeyaandika mimi, kwa mkono wangu.

Kutoka kwetu mpaka gatini ni maili mbili. Nilizikimbia zote.

Stima ilikuwa inafuka moshi, wapagazi wakipakia kuni za tanuri. Kapteni Bogardus alikuwa amefungua pipa moja. Alinusa, akang'ata tufaha, maji yakamtiririka ndevuni.

"Nani kakagua?"

"Binti yangu huyo anayekuja," Mama alisema. Uso wake ulikuwa unang'aa. Sikuwa nimeuona hivyo tangu Baba aanguke.

Kapteni alinipa mkono kama mtu mzima. "Kumbe wewe ndiye O.K.! Nimeziamini herufi zako, binti. Sifungui pipa jingine. Haya, pakieni!"

Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka New York. Nikisema, mzigo wetu wote utabaki pale pale, na Lodewyk huyo hapo, amekaa juu ya rundo la kuni, anatazama. Mapipa ya kwanza yakaanza kuviringishwa. Nikamtazama Mama, nikaona aibu kuliko hofu.

"Kapteni, ngoja! Usiamini! Mapipa manane sikuyakagua. Niliandika tu. Na matatu humo ni ya kukamuliwa."

"Uliandika tu?"

"Ndiyo, Kapteni. Nilitaka kuwahi maandamano."

"Alida!" Mama alisema.

"Si nilisema?" Lodewyk alipaza sauti. "Ovyo Kabisa!"

Safari hii alikuwa amesema kweli.

"Manane yapi?" Kapteni aliuliza.

Nikatazama vifuniko. Arobaini vyote, herufi zile zile, mwandiko ule ule. "Sijui," nikasema. "Yote yamefanana."

"Basi hakuna hata moja lililokaguliwa. Fungueni yote. Kuni zikimaliza kupakiwa, naondoka. Pipa ambalo sijaliona ndani linabaki."

Kilichofuata sijui nikieleze vipi! Misumari iliruka, vifuniko vikalia. Mama alishika nyundo, Teunis jiwe, mimi nilizamisha mkono pipa baada ya pipa. Alama ya zamani niliifuta kwa mkono wa gauni, na mpya sikuiandika mpaka mkono uzame hadi kwenye kiwiko. Mama alipochoka nikashika nyundo mimi, ghafla ikanyakuliwa.

"Sogea, unapiga msumari kama unaua nzi," alisema Lodewyk.

"Si ulikuwa unanicheka?"

"Nacheka kwa mdomo. Mikono haina kazi. Lete jingine!"

Pipa la kumi na tisa, vidole vikadidimia kwenye uoza. "Moja!" nikapiga kelele. La ishirini na sita, la pili. Kengele ya stima ikalia mara ya kwanza. Rundo la kuni lilikuwa limepungua mpaka magotini. Tulipopata la tatu sote tukashangilia kama tumeokota dhahabu, wapagazi nao wakacheka. Kengele ya mwisho ilipolia, mapipa thelathini na saba yalikuwa melini, na mimi nilikuwa nanuka tufaha mpaka nywele.

Mama alinifuta uso kwa aproni yake. "Kwa mjomba wako herufi hizo ni mzaha," alisema. "Kwa wale wenye ngoma ni siasa. Ukiziandika kwenye pipa letu ni ahadi, mwanangu. Uongo wa mapipa manane umeyaharibia jina hata yale uliyoyakagua kwa jasho lako. Usiweke alama kabla ya kuweka mkono."

Mwezi wa Novemba Mzee wa Kinderhook alishindwa uchaguzi. Bendera zilishushwa, na Lodewyk alinitania wiki nzima. Mimi niliendelea na chaki yangu.

Stima ya mwisho ilikuja mto ukiwa karibu kuganda. Tulileta yale mapipa matatu mazuri yaliyobaki ghalani na mengine kumi, naye Baba alikuja kwa magongo. Kapteni Bogardus alichomoa nyundo mkandani, akalikaribia pipa la kwanza, kisha akasita. Akanitazama machoni.

"Binti, O.K.?"

Sikukimbilia kujibu. Nilimwonyesha kwanza mkono wangu, mwekundu kwa baridi, umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"O.K., Kapteni."

Akairudisha nyundo mkandani. "Haya, pakieni."