Panya wa Bonde la Mgozo

Mhamishi alinyata kati ya matuta ya mchicha kama paka, ila paka huyu alikuwa na miguu sita na hakuwa na makucha. Alisimama mbele ya shimo chini ya ua wa michongoma, akapuliza mvuke mwembamba ndani yake, akangoja. Haukupita muda, panya mnene akatoka akiyumba kama mlevi aliyepotea njia ya kwao, akaanguka ubavu. Mhamishi akamwokota kwa vidole vya mpira, akampima uzito, akamtia tone la wino wa buluu sikioni ili ajulikane akirudi, kisha akamlaza katika kizimba kidogo kilichotandikwa pamba. Juu ya paa palikuwa na ungo, chombo cha duara kirukacho bila rubani. Vizimba vyake vilipojaa, ungo ulinyanyuka bila kelele ukashika njia ya kusini.

Mhandisi Namkunda Mshana aliutazama ukitokomea, kikombe cha chai mkononi. Yeye ndiye aliyembuni mhamishi, mashine ya kuwahamisha panya wakiwa hai. Katika miaka hiyo kila nyumba ya Morogoro ililima sehemu ya chakula chake uani, na penye viazi na mahindi panya hawakosi. Zamani watu walitega sumu. Panya walikufa, na pamoja nao wakafa paka, bundi na kuku waliookota mizoga. Namkunda alikuwa amewaona panya wa sumu wakijikokota juani kutwa nzima, akaapa kwamba lazima kuna njia nyingine. Sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu mhamishi aingie bustanini, na katika jiji zima hakuna panya aliyeuawa. Watu walimwita Mama Panya, nusu kwa utani, nusu kwa heshima, naye jina hilo halikumchukiza.

Mahali pa kuwapeleka palichaguliwa na akili ya ramani, mashine ya kampuni alikofanya kazi, iliyosoma picha zilizopigwa kutoka angani. Ilitafuta mapaa, barabara na taa. Mwaka huu, katika Bonde la Mgozo, haikuona bati hata moja, wala barabara, wala taa. Ikaandika: halina watu.

Asubuhi ile ile mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga yake imejaa vumbi jekundu hadi magotini, mkononi ana kopo la maziwa lililofunikwa.

"Karibu ndani. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe Namkunda, mwenye mashine za panya?"

"Ndimi."

Mgeni hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa kizingitini, akafunua kopo. Ndani mlikuwa na panya aliyekufa, amekonda hadi mbavu zinahesabika. Sikioni alikuwa na doa la buluu.

"Alama hii ni yenu?"

"Ni yetu. Umempata wapi, mama?"

"Nyumbani kwangu, Mgozo."

"Lakini Mgozo hakuna watu."

"Basi mimi ni nani?"

Aliitwa Zaina Mkude. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia machozi yake yote. Kaya kumi na tisa ziliishi Mgozo, chini ya miti mikubwa, katika nyumba za nyasi, na usiku waliwasha moto tu. Panya walianza kushuka kutoka angani msimu wa kupanda. Walifukua karanga ardhini kabla hazijaota. Walimaliza mahindi ghalani. Vilipokwisha hivyo wakaanza kulana wao kwa wao, na waliobaki wakahamia kwenye chemchemi na ndani ya nyumba. Masika ikaja na homa ya mgunda, ile iletwayo na mkojo wa panya majini.

"Mume wangu, Kobero, alianza kwa macho mekundu. Tukadhani ni vumbi. Siku ya tano akakojoa damu. Tumezika saba. Nimetembea siku mbili kuja kukuuliza jambo moja tu. Tuliwakosea nini?"

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwa Namkunda.

Alimpigia simu mkurugenzi wake, Bwana Mwakyoma. Huyo alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Inasikitisha sana, Mhandisi. Tutaiambia akili ya ramani itafute bonde lingine lisilo na watu."

"Itajuaje kwamba halina watu?"

"Kama ilivyojua siku zote."

"Ndivyo ilivyotuua, Bwana Mwakyoma."

"Haijatuua sisi," alijibu kwa upole, na upole huo ukamchoma Namkunda kuliko tusi.

Kama mbunifu, sauti yake ilikuwa na mamlaka ya kusimamisha mitambo yote. Alitamka maneno manne aliyokuwa ameyaweka miaka minne nyuma na hakuwahi kuyahitaji. Nyungo zote zikatua zilipokuwa, na wahamishi wakakunja miguu bustanini. Kabla ya adhuhuri alikwisha kupokea barua ya kufukuzwa kazi, na majirani wawili walikwisha kumuuliza kutoka upande wa pili wa ua ni duka gani bado linauza sumu.

Kesho yake aliondoka na Bi Zaina kwenda Mgozo, mwendo wa siku mbili. Aliyaona makaburi saba, udongo wake haujaota nyasi. Aliona maghala matupu na mabua yaliyotafunwa. Mganga wa zahanati ya karibu alikuwa amefika na dawa, akawaambia wanakijiji bila kuficha: dawa zitawaponya wagonjwa, lakini panya wakibaki wengi hivi, maji yatarudi kuwa machafu na homa itarudi nayo.

"Nitaleta wahamishi wachache," Namkunda alisema. "Tuwakusanye wakiwa hai, tuwatoe hapa."

Bi Zaina ndiye aliyejibu.

"Uwapeleke kwa nani tena, binti yangu?"

Namkunda aligeuka kulitazama bonde, vilima vya mbali, na vilima vilivyokuwa nyuma ya vile. Kila alipotupa macho aliona mahali ambapo akili ya ramani ingesema hapana mtu. Jioni hiyo akaagiza sumu.

Sumu ilifika siku ya tatu, mifuko sita. Vijana walijitolea kuisambaza, naye akawakatalia. Mbuzi na kuku wakafungiwa, chemchemi zikafunikwa kwa mbao. Namkunda akavaa glavu, akachanganya sumu na pumba kwenye ndoo, akaenda peke yake hadi penye mashimo, nyuma ya ghala la Bi Zaina.

Alitarajia wakimbie. Hawakukimbia. Walitoka mashimoni mmoja mmoja, kisha makumi, wakamkaribia hadi miguuni. Akaelewa. Panya hao walikuwa wamebebwa kwa vidole laini, wakalazwa kwenye pamba, na hakuna mkono wa mtu uliowahi kuwaumiza. Waliozaliwa bondeni walijifunza kwa mama zao kutoogopa. Mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa glavu yake, akangoja kupewa.

Namkunda alichota pumba, akaiweka chini mbele yake. Panya akala. Wengine wakasogea. Akachota tena, na tena, mpaka ndoo ikaisha, wala hakuyafumba macho, maana aliona kuyafumba ni kuwakimbia.

Alipogeuka alimkuta Bi Zaina amesimama kwenye kona ya ghala. Hakujua amekuwepo hapo tangu lini. Namkunda alitamani aambiwe neno lolote, hata la lawama. Bi Zaina alilichukua dumu la maji, akammiminia anawe mikono, polepole, mpaka povu la sabuni likaisha.

"Ng'ambo ya kijito kuna nyumba nne zaidi," alisema. "Twende, jua lisituzamie."

Namkunda akaokota ndoo, akaijaza upya.