Bango la Jiwe la Kusagia

Siku hiyo Chiriku alirudi kutoka shuleni kimya. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama yake, fundi cherehani, alisimamisha mashine akamtazama. Mtoto huyu akinyamaza, ama anaumwa ama kuna neno.

Kulikuwa na neno. Darasa lao lilipewa kazi ya kutengeneza bango kuhusu chombo cha zamani cha kusagia nafaka. Siku ya wazazi, Ijumaa, mabango yangebandikwa ukutani, na kila mtoto angesimama kulieleza lake. Mwalimu alilibandika bango la Chiriku kwa majaribio, akaenda mwisho wa darasa, akajaribu kulisoma. Hakuweza. Lisiporekebishwa, halitabandikwa. Na leo ilikuwa Jumatano.

Mama alilikunjua bango mezani. Karatasi nzima ilijaa maandishi madogo kama sisimizi, yaliyonakiliwa kitabuni. Pembeni, chini kabisa, palikuwa na kitu cha mviringo.

"Hiki nini, mkate?"

"Ni jiwe la kusagia, mama. Lile la mlangoni."

Mama akauma mdomo asicheke. Jiwe lile lilikuwa kwenye mlango wa nyuma, na kila anayeingia alijipangusia miguu juu yake. Bibi, mama yake baba, alikuwa mkekani akichambua maharage. Aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo. Chiriku alikuwa amemuuliza kaka yake. Alikuwa amemuuliza hata fundi baiskeli. Bibi hakuulizwa.

Mama akampeleka kwa jirani anayeandika vibao vya maduka. Watu humwita Mama Rangi. Uani kwake, kibao cha kinyozi kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikauke. Mama Rangi alilitundika bango kwenye uzio, akamwambia Chiriku arudi nyuma hatua ishirini, kisha asome.

Chiriku alikodoa macho. Alishindwa kusoma maneno aliyoyaandika mwenyewe.

"Barua mtu huishika mkononi," Mama Rangi akasema. "Bango husomwa na mtu aliye mbali, tena ana haraka zake."

Akamweleza kwamba picha iwe moja, kubwa, katikati. Kichwa cha habari kiandikwe kwa herufi ndefu kama kiganja. Maneno yawe machache, na kutoka kila sehemu ya picha utoke mstari mpaka kwenye jina lake. Aanze na penseli, maana wino haufutiki. Kisha akauliza anayesaga hukaa upande gani wa jiwe, na unga huangukia wapi. Chiriku hakujua.

"Kwenu nani aliwahi kulitumia?"

"Bibi."

"Umemuuliza?"

"Bibi hakusoma."

Mama Rangi alisuuza brashi yake taratibu. "Mwanangu, hapa hatutafuti aliyesoma. Tunatafuta aliyesaga."

Chiriku alirudi nyumbani akitazama chini. Akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Shikamoo, bibi. Samahani, sikukuuliza."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alimaliza kwanza kuchambua maharage yake. "Haya, mwite baba yako aje na nguvu zake."

Baba akalipindua lile jiwe. Upande wa chini ulikuwa na tope na nyungunyungu wawili. Walipolisugua kwa maji na brashi, likaonekana bonde refu katikati, laini kama bakuli.

"Ulichora mgongo wake," Bibi akasema.

Baba akashika kiuno. "Kumbe miaka yote hii nafuta matope kwenye jiko la mama yangu."

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema mashine ya kusaga ilipofika alimshukuru Mungu, akaliacha jiwe lifanye kazi nyingine.

Jiwe lilipokauka, alililaza kwa mteremko. Upande wa juu ulielekea kwake. Chini ya upande wa mbele aliweka ungo. Akapiga magoti, akanong'ona dua fupi, akatia konzi moja ya mtama. Jiwe dogo la juu, alilolitoa jikoni, alilishika kwa mikono miwili, akasukuma mbele, akavuta nyuma. Unga wa kwanza waliwapa kuku, maana ulikuwa na mchanga. Wa pili ulishuka mweupe. Chiriku naye akajaribu. Nusu ya mtama iliruka nje, na unga kidogo ukamwingia puani. Mdomo wake ukafunguka tena: kwa nini mteremko, kwa nini magoti, kwa nini konzi moja tu? Bibi alimjibu yote.

Alhamisi alichora upya kwa penseli, jiwe likiwa mbele yake, kisha akapitisha wino. Juu aliandika JIWE LA KUSAGIA. Kwenye picha aliandika jiwe la juu, jiwe la chini, unga. Chini yake akaweka sentensi mbili tu. Akalitundika kwenye uzio, akahesabu hatua ishirini. Safari hii alisoma kila neno.

Ijumaa bango lilikuwa ukutani, na Bibi alikuwa ameketi mbele, kilemba kipya kichwani. Mwalimu alikuwa amemwomba aje. Kabla Chiriku hajafungua mdomo, sauti ilitoka benchi la mwisho. Ilikuwa ya mama muuza mkaa, ambaye ameanza kusoma mwaka huu katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, kidole chake kikifuata hewani.

"Piga magoti nyuma ya jiwe. Sukuma mbele, vuta nyuma."

Alipomaliza, yeye mwenyewe alishangaa. Kisha akamgeukia Bibi.

"Mama, magoti hayakuwa yakiuma?"

"Yaliuma sana," Bibi akajibu. "Muulize mjukuu wangu, atakueleza. Yeye amesaga."

Chiriku akasimama, akaanza kueleza. Mwalimu alimwomba mara mbili awaachie wenzake nafasi.